Nyumba Yetu: Mahali pa Tangi la Mtanuko

Nyumba zetu nyingi za Likoni, Kisauni na Changamwe hutumia maji ya tangi la paani. Maji yakipata moto hutanuka: lita 100 zikipashwa kutoka nyuzi 25 hadi 60 huzidi kwa takriban lita moja na nusu. Bomba la baridi likiwa wazi hadi tangini, ziada hurudi huko. Lakini palipo na pampu na vali isiyoruhusu maji kurudi, ziada hukosa njia, na shinikizo huielemea hita.

Hapo ndipo tangi dogo la mtanuko huhitajika. Fundi alifunge kwenye bomba la maji baridi, baina ya vali hiyo na hita, wala asiweke koki kati ya tangi na hita. Kabla ya kutiwa maji, hewa yake isawazishwe na shinikizo la maji ya nyumba.

Vali ya usalama ya hita ikidondosha maji, tusiizibe, tumwite fundi. Mdharau mwiba mguu huota tende. Kutawakali hakutuondolei wajibu wa kuwalinda watoto, na wazee wetu wanaotawadhia maji hayo alfajiri.