Bandubandu huisha gogo: kabla ya kuwasha mashine ya polishi

Jumapili ni siku ya gari kupumzika na mwenye gari kulitazama. Siku sita limekwenda kazini, sokoni na shuleni, na mwenyewe hakupata wasaa wa kulikagua ila kwa mafuta na upepo wa matairi. Siku ya saba, likiwa limeegeshwa uani, ndipo anapoona kuwa boneti imepauka, paa limefifia, na jua likiupiga mlango hujitokeza mikwaruzo midogo isiyo na idadi, imezungukana mfano wa utando wa buibui. Hapo ndipo huzaliwa wazo la kununua au kuazima mashine ya kupigia polishi.

Wazo hilo si baya. Mkono wa binadamu huchoka mapema, na mashine hufanya kwa saa chache kazi ambayo kitambaa kisingeimaliza kwa siku nzima. Lakini yafaa kwanza kujiuliza: mashine hiyo hufanya nini hasa juu ya rangi?

Watu wengi hudhani kuwa polishi huongeza kitu. Sivyo. Nta ndiyo huongeza, polishi hupunguza. Ndani ya dawa ile mna chembe ndogo ngumu, na kazi yake ni ile ile ya msasa, isipokuwa ni msasa mwororo mno. Mkwaruzo ni kama bonde. Polishi hailijazi bonde hilo, bali huvishusha vilima vya pande zote mbili mpaka vilingane na kina chake. Ndiyo maana rangi hung'aa: uso wake umekuwa sawa, na mwanga hurudi bila kutawanyika.

Sasa tutazame akiba tuliyo nayo. Magari mengi ya miongo ya karibuni yana rangi ya msingi juu ya bati, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka angavu ambalo mafundi huliita klia. Matabaka yote hayo pamoja, yatokapo kiwandani, kwa kawaida huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150, na klia peke yake hukaribia 35 hadi 50. Mikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Unywele mmoja wa kichwani una mikroni 70 hivi. Maana yake ni kwamba ngao ya gari zima dhidi ya jua ni nyembamba kuliko unywele.

Klia ikipungua mno, jua hupata njia. Rangi hufifia, kisha klia iliyobaki huambuka vipande vipande kama ngozi ya nyoka. Likifika hapo, hakuna polishi itakayolirudisha. Dawa ni kupiga rangi upya, na gharama yake haikupangwa katika mfuko wa nyumba. Kwa familia ambayo gari lake hubeba abiria, au ambayo inatumaini kuliuza siku moja ili ilipe karo, hilo si jambo la urembo. Tena magari yetu mengi ni mitumba yaliyotoka Japani, na mnunuzi hajui waliotangulia walikwishayapiga polishi mara ngapi. Wahenga walisema bandubandu huisha gogo. Hapa gogo lenyewe ni jembamba tangu mwanzo.

Kwa hiyo anayeanza achague mashine kwa busara. Zipo aina mbili kuu. Ya kwanza huzunguka upande mmoja tu, kama grinda ya wachomeleaji. Hii ina nguvu, nayo ni chombo cha fundi aliyekwisha kuzoea. Ikituama mahali pamoja huzalisha joto la kuunguza rangi kwa muda mfupi sana. Ya pili huzunguka na papo hapo hutikisika huku na huku, na aghalabu ukiikandamiza kupita kiasi huacha kuzunguka. Hiyo ndiyo ya mwanafunzi. Grinda yenyewe isifungwe sponji kamwe: nyingi za ukubwa mdogo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, ilhali mashine ya polishi ya kuzunguka, hata ikikazwa mwisho, hukaribia 3,000 tu.

Kabla ya kuwasha, gari lioshwe vizuri, likaushwe, nalo liwe kivulini na bati limepoa. Pitisha kiganja juu ya rangi. Ukihisi vijichembe vya kuparuza, kuna uchafu ulionasa ambao maji hayakuutoa. Huo huondolewa kwa udongo laini maalumu wa kusafishia rangi, ukiteleza juu ya maji ya sabuni. Asiyefanya hivyo huusaga uchafu huo ndani ya rangi kwa mashine. Kisha bandika tepu ya karatasi juu ya mipira ya madirisha, plastiki nyeusi, na kingo zote kali za boneti na milango. Mahali pa kingo na mikunjo ndipo rangi ilipo nyembamba zaidi, na ndipo wageni wa kazi hii huifikia rangi ya msingi.

Sasa chagua eneo dogo la kujaribia, lisilozidi sentimeta 50 kwa 50. Anza na sponji laini na dawa isiyo kali. Matone matatu au manne, kila moja kama punje ya njegere, yanatosha. Ipake dawa kwanza mashine ikiwa imezimwa, kisha iwashe kwa mwendo mdogo sponji ikiwa tayari imegusa bati. Ukiiwasha hewani, dawa yote itaruka ukutani na usoni. Ongeza mwendo kiasi, na uisogeze mashine polepole, sentimeta mbili au tatu kwa sekunde, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia. Nenda kushoto na kulia, halafu juu na chini. Mizunguko minne hivi ikitimia, zima, futa kwa kitambaa cha mikrofaiba, na utazame kwa taa.

Ili ujue kama unakandamiza mno, piga alama ya kalamu ubavuni mwa kibao kinachoshika sponji. Alama ikionekana imesimama, punguza uzito wa mkono. Gusa na bati pia: uvuguvugu si neno, lakini likikuchoma, ondoka mahali hapo. Bampa za plastiki zihurumiwe zaidi, kwa kuwa plastiki haisambazi joto kama bati. Sponji isafishwe kila baada ya eneo, na ikianguka chini isirudi kwenye gari mpaka ioshwe, kwani punje moja ya mchanga yatosha kuiharibu kazi ya asubuhi nzima. Ikiwa gari ni la zamani lisilo na klia, sponji itashika rangi ya gari lenyewe. Hilo ni la kawaida, ila ni ukumbusho kwamba unachokiondoa ni rangi.

Usalama wa mwili nao una haki yake. Usifanye kazi ya umeme penye maji yaliyotuama baada ya kuosha. Waya upite begani usijisokote kwenye sponji, na plagi ichomolewe kila unapobadili sponji. Vaa miwani na kitambaa cha pua. Watoto watazame kwa mbali.

Swali lililobaki ni gumu kuliko yote: lini uache? Mchovya asali hachovyi mara moja. Boneti ikishaanza kuonyesha sura ya mwembe, mkono hutamani kuurudia mkwaruzo mmoja uliosalia mpaka uishe. Kipimo ni ukucha. Upitishe juu ya mkwaruzo. Ukinasa, mkwaruzo huo ni wa kina, na kuuondoa wote ni kuhatarisha klia yote. Upunguze makali, kisha uuache. Gari la kazi lenye alama chache na klia yake ni mali. Linalong'aa leo na kuambuka baadaye ni hasara iliyocheleweshwa tu.

Baada ya polishi, paka nta, maana uso uliosafishwa umebaki bila kinga. Kisha urudi kwenye chanzo. Utando ule wa buibui kwa sehemu kubwa haukuletwa na barabara, bali na kuoshwa vibaya: kitambaa kile kile kilichofuta magurudumu ndicho hupandishwa kwenye boneti, na ndoo moja ya maji huanza safi na kumalizikia tope. Ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, pamoja na kitambaa cha pekee kwa magurudumu, ni gharama ndogo sana mbele ya bei ya mashine. Kazi hiyo hata mtoto wa darasa la tano anaiweza, naye akifundishwa vyema mwaka huu, huenda mwakani mashine isihitajike kabisa.