Kodi ya Miezi Sita Haimlindi Mwenye Nyumba

Katika manispaa ya Mpanda, mwenye nyumba anayepangisha chumba Makanyagio, Nsemulwa au Kawajense hudai kwanza kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima. Akishazihesabu fedha, hukabidhi ufunguo na kuona kazi imekwisha. Mkataba, ukiwepo, ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari: majina mawili, kiasi kilichopokelewa na sahihi. Desturi hii inasimama juu ya imani kwamba fedha iliyotangulia ndiyo ulinzi, na kwamba karatasi ni ya watu wasioaminiana. Imani hiyo ni potofu, na huyo huyo mwenye nyumba ndiye anayeumia nayo.

Kodi ya mbele huzuia hatari moja tu, yaani kutolipwa kwa miezi ambayo tayari imelipiwa. Haisemi lolote juu ya mpangaji anayebaki ndani baada ya muda kwisha, anayempangisha mtu mwingine kwa siri, anayegeuza sebule kuwa stoo ya mpunga, au anayefariki na kuacha ndugu wanaogombea vyombo.

Zaidi ya hapo, fedha hiyo inaweza kumfunga mikono aliyeipokea. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo upangaji wa nyumba hutegemea zaidi Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya 1999, pamoja na yale ambayo pande mbili zimekubaliana. Yasipoandikwa, sheria huyajaza yenyewe. Mtu anayekaa katika nyumba kwa kulipa kodi bila makubaliano ya maandishi huhesabiwa kuwa mpangaji wa vipindi, na kipindi chenyewe ni kile cha kulipia kodi. Notisi ya kumtaka ahame haipaswi kuwa fupi kuliko kipindi hicho. Kwa hiyo aliyezoea kupokea kodi ya miezi sita sita bila mkataba anaweza kukuta kwamba naye anawiwa kumpa mpangaji notisi ya miezi sita. Kuandika tu sharti la notisi ya mwezi mmoja, au tarehe ya mwisho wa upangaji, kungemwepusha na hali hiyo.

Wanaoitetea desturi husema kwamba Mpanda watu wanajuana. Huenda ilikuwa hivyo zamani, mji ulipokuwa mdogo mwishoni mwa reli itokayo Kaliua. Katavi ilimegwa kutoka Rukwa na kuwa mkoa mwaka 2012, na sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Mkoa uliozidi mara mbili kwa miaka kumi hauwezi kuwa na wapangaji wanaojulikana kwa baba na babu zao. Wengi ni watumishi waliohamishiwa, wafanyabiashara wa mpunga na tumbaku, na wachimbaji wadogo wa dhahabu.

Wachimbaji ndio kielelezo kizuri zaidi. Habari za rashi mpya, yaani machimbo mapya ya dhahabu, zikitangaa, mchimbaji huondoka usiku na ufunguo mfukoni, godoro na sufuria vikibaki ndani. Kodi ikiisha na simu haipatikani, mwenye nyumba afanye nini? Akivunja kufuli peke yake, kesho anaweza kushtakiwa kwamba ameiba fedha zilizokuwa chini ya godoro. Akisubiri, chumba kinalala bila mapato. Kifungu kimoja cha mkataba kinatosha: baada ya siku kadhaa za ukimya, chumba kitafunguliwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi, vyombo viorodheshwe na kuwekwa mahali salama.

Bili nazo zina mtego wake. Deni la maji la MUWASA, mamlaka ya maji ya Mpanda, hubaki kwenye akaunti ya nyumba hata mpangaji akihama. Kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU tangu Agosti 2021, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayeilipa, na mpangaji ana haki ya kuuliza kama atafidiwa. Mahali pa kulijibu swali hilo ni kwenye mkataba, kabla halijawa ugomvi wa uani.

Wapo wanaojivunia dawa nyingine: kuongeza kufuli juu ya kufuli, kung'oa mlango, kutupa vyombo nje. Huo ni uonevu, hata kama mpangaji anadaiwa kweli. Sheria inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji akae kwa utulivu muda wote wa upangaji wake, maadamu analipa kodi na kutimiza masharti. Asipolipa, huo ni mgogoro, na mgogoro wa ardhi na nyumba huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, na suluhu ikishindikana ndani ya siku 30 shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko mwenye nyumba ataulizwa maandishi.

Mkataba unaofaa hauhitaji kurasa kumi. Utaje mwenye haki ya kupangisha (nyumba ikiwa ya marehemu, asaini msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si dalali wala shemeji), namba ya NIDA ya mpangaji, muda, kodi, notisi, bili na hali ya nyumba siku ya kukabidhiana, kuanzia vitasa hadi vioo. Kila upande ubaki na nakala yenye sahihi na mashahidi.

Kisha ulipiwe ushuru wa stempu TRA, kwa kuwa mkataba usiolipiwa haupokelewi kama ushahidi mpaka ushuru huo ulipwe. Kiwango ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 6,000.