Roho mbaya ya kwenye runinga

Ingia jioni kwenye kilabu cha mbege Kibosho, au dukani Kiboriloni ambako runinga imewekwa juu ya friji. Tamthilia ikianza na yule mama mbaya akatokea, hukumu hutoka papo hapo: "Huyo haigizi, ndivyo alivyo." Wapo wanaoapa kwamba wakikutana naye stendi ya Moshi hawampi hata salamu.

Huo ni upuuzi, tena unaomdhulumu mfanyakazi jasho lake.

Mwigizaji Maggie Kirkpatrick aliingia mwaka 1982 katika "Prisoner", tamthilia ya Australia kuhusu gereza la wanawake iliyorushwa kuanzia 1979 hadi 1986, vipindi 692. Alikuwa Joan Ferguson, askari magereza katili. Silaha yake kubwa ilikuwa glavu nyeusi za ngozi: akianza kuzivaa, mtazamaji alijua kuna mfungwa anayekwenda kuumia. Kitu kidogo kama hicho hakitishi mamilioni ya watu kwa bahati. Ni ufundi, kama wa fundi cherehani anayejua sindano ipite wapi.

Karibu zaidi na kwetu yuko Pamela Nomvete, aliyezaliwa Ethiopia kwa wazazi wa Afrika Kusini. Katika "Generations" alikuwa Ntsiki Lukhele, bosi mwenye fedha na fitina ambaye Afrika Kusini nzima ilimchukia; mwaka 2017 akaonekana katika "Lockdown", safari hii akiwa mkuu wa gereza la wanawake. Lakini katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 2013 alisimulia jinsi alivyofilisika baada ya umaarufu ule, akafikia kulala ndani ya gari. Yule tajiri wa kwenye kioo hakuwa hata na chumba!

Utasema hizi ni porojo za kilabuni, zinamuumiza nani? Zinaumiza. Mazoea hayohayo ya kusoma roho ya mtu usoni yamewaua vikongwe Shinyanga na Mwanza, wakidhaniwa wachawi kwa "kosa" la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni miaka nenda rudi. Bibi wa Marangu anayepikia mafiga naye anaweza kuwa nayo. Anayemhukumu mwigizaji kwa sura yake anafanyia mazoezi hukumu ya jirani.

Ajabu ni kwamba watu wa Moshi wanajua kutenganisha kazi na mtu. Gereza la Karanga limekuwa likitengeneza viatu kwa miaka mingi. Mnunuzi anayekishika kiatu cha Karanga haulizi aliyekishona alifungwa kwa kosa gani. Anakunja soli, anavuta uzi, anatazama mshono.

Basi yule mama mbaya wa saa mbili usiku naye mtazameni mshono.