Yusuf Hahitaji Bunduki Yako

Mwaka huu nimesoma Yusuf wanne. Wa kwanza anamchoma Aziz kisu katikati ya pori. Wa pili anatoroka usiku na Amina. Wa tatu anawahutubia wapagazi kuhusu haki zao, hotuba ya ukurasa mzima na nusu. Wa nne ana bunduki, na anajua kuitumia, sijui alifundishwa na nani.

Wote wanne wameandikwa na vijana wenye kipaji, walioipenda riwaya ya Abdulrazak Gurnah kiasi cha kukataa iishe ilivyoisha. Iliandikwa kwa Kiingereza mwaka 1994, na tangu 2022 tunayo kwa Kiswahili, Peponi, kwa kazi nzuri ya Ida Hadjivayanis. Hapo sina ugomvi nao. Kumchukua mhusika wa mwandishi mwingine na kumwendeleza ni kazi halali kabisa. Gurnah mwenyewe amefanya hivyo: kijana mzuri wa sura, anayesumbuliwa na ndoto, anayetamaniwa na mke wa bwana wake hadi shati linachanika kwa nyuma, ni nani asiyemjua kati ya tuliokaa madrasa au tuliokua na majirani waliokaa?

Ugomvi wangu ni kwamba hao wanne si Yusuf. Wamepewa jina lake tu.

Nikisema hivyo najibiwa haraka: “Yusuf wa kitabuni hana tabia. Anachukuliwa, anapelekwa, anarudishwa. Gunia tupu lile, kila mtu ajaze anachotaka.” Jamani, hebu turudi kitabuni.

Yusuf ana miaka 12 anapoondolewa kwao kwa treni na mtu ambaye siku zote amemwita kwa jina la undugu, mtu aliyekuwa akimpa sarafu kila akija. Kumbe baba yake ana deni, na mtoto ndiye rehani. Anayemwambia ukweli ni Khalil, rehani mwenzake, dukani pwani: yule si ndugu yako, mwite Seyyid. Neno hilo halimtoki Yusuf kirahisi. Msimulizi naye anaendelea kwa muda mrefu kumtaja Aziz kwa jina lile lile la undugu. Mtoto anashikilia jina la zamani kwa sababu akiliachia, atakuwa amekubali kwamba aliuzwa. Hiyo si tabia? Au tabia inaanza pale mtu anaposhika panga?

Halafu kuna Mzee Hamdani, mtunza bustani. Alipewa uhuru wake, akaukataa, akabaki na miti yake. Yusuf, akishakua kidogo, anamuuliza kwa nini alibaki, na swali lake lina dharau ndani. Mzee anamjibu kwamba uhuru haukuwa mali ya hao waliojifanya kumpa, alizaliwa nao. Yaani Gurnah alishatuona tukija. Kosa tunalomfanyia Yusuf, Yusuf mwenyewe analifanya kwa Hamdani: anaona mtu amebaki, anadhani ndani yake hamna kitu. Mwandishi anayemwendeleza Yusuf bila kuijibu bustani ile hajamsoma.

Na mwisho wa kitabu? Askari wa Mjerumani wanapita wakikamata watu. Yusuf anajificha. Wakishaondoka, anakimbia kuwafuata. Mwisho huo unaudhi, hata mimi uliniudhi. Lakini ndio mwisho wake, na ni yeye aliyekimbia. Ukitaka kumpa bunduki, basi hii hapa, anaifuata kwa miguu yake, na ni bunduki ya mkoloni. Hadithi nne nilizosoma zote zimeuruka ukurasa huo.

Gurnah hakuuruka. Mwaka 2020 alitoa Afterlives, na wasomaji wengi tumemwona Hamza kama Yusuf aliyeendelea: naye alikuwa mtoto wa rehani kwa mfanyabiashara, naye akaingia jeshi la Mjerumani. Anarudi na jeraha, mpole vile vile, anajifunza kupenda taratibu. Tazama heshima iliyoko hapo. Mwenye mhusika, aliyekuwa na haki zote, alipotaka kwenda mbele alibadilisha jina. Sisi tunabadilisha mtu, jina tunaliacha.

Nisijifanye msafi. Mimi pia nimemharibu Yusuf. Miaka michache nyuma niliandika hadithi ambayo msafara wa Aziz unapumzika kwetu, kwenye njia ya Unyanyembe, na Yusuf anasimama mbele ya tajiri na kusema: deni la baba yangu si langu. Niliipenda sana ile sentensi. Nikaenda nayo Goweko, nikamsomea baba mdogo jioni. Hajasoma Gurnah, anajua mizinga ya nyuki na reli inayopita hapo, basi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu:

“Sasa huyo mtoto, usiku ule alilala wapi?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa sijafikiria kwamba baada ya hotuba kuna usiku, kwamba kuna chakula cha nani na mkeka wa nani, na pwani iko mwendo wa miezi. Aliyesema ile sentensi nilikuwa mimi, mwenye digrii, mwenye nauli mfukoni.

Na baba mdogo hakuuliza kwa bahati mbaya. Binti yake aliondoka Goweko kwa treni akiwa na miaka 13, kwenda Dar es Salaam kulea watoto wa mtu tuliyeambiwa ni ndugu. Alikaa miaka 6. Mshahara ulikuwa hadithi. Aliporudi, ukoo mzima ulimkalisha chini: kwa nini hukusema? kwa nini hukutoroka? Na mimi nilikuwepo, na mimi niliuliza. Alitutazama tu. Siku hizi nikisoma Yusuf mwenye bunduki namkumbuka yeye, maana hadithi ile inauliza swali lile lile tulilomuuliza sisi, na kulijibu kwa niaba yake: mtu wa kweli angepigana. Kwa hiyo aliyebaki si mtu wa kweli. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, kwa wanaotaka kujua kwa nini mwandishi wa habari anagombania mhusika wa kubuni.

Waandikeni Yusuf wengine. Mpelekeni Tabora, mrudisheni kwa mama yake, mpeni mke, mpeni hata ushindi. Matukio ni yenu. Lakini ujasiri wake utoke kwenye ule ule ukaidi mdogo wa mtoto asiyetaka kusema Seyyid, na uogope kama yeye anavyoogopa. Akisimama mbele ya Aziz, tuonyesheni na giza likiingia, na yeye akitafuta pa kulala.