Nyumba za Zamani Tunazisifia, Kodi Hatuitaji

Jamani, tuache kuziandika nyumba za zamani za Moshi mjini kama picha za kalenda. Kila makala ina roshani, ngazi za mbao na Kibo kikichungulia dirishani. Kodi haimo.

Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakiwa ya wenye asili ya Asia, kwa hoja ya kukomesha unyonyaji. Hoja hiyo imeishia wapi? Leo ukitaka chumba kwenye ghorofa kuukuu karibu na stendi, unaanza na dalali: hela ya kukuonesha, kisha kodi ya mwezi mzima iwe yake. Mwenye nyumba naye anataka miezi sita kwa mkupuo, hata kama bomba linavuja. Mwalimu anayelipwa kwa mwezi aitoe wapi? Anaishia Pasua, au anagombania daladala ya Kibosho kila jioni.

Kisa chenyewe ndicho hicho. Mwandishi anayeisifia roshani bila kumtaja aliyeshindwa kuipanga anamfanyia dalali kazi, tena bure.