Difu Kabla ya Injini

Imeenea itikadi miongoni mwa wenye pikapu kuukuu wa Keringet na Olenguruone, na hata kule Molo ambako viazi vyetu hupelekwa sokoni, kwamba gari likishindwa na mlima dawa yake ni moja tu, nayo ni kushusha injini iliyomo na kupandisha nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo, na kwamba kwa njia hii mtu asiye na uwezo wa kununua gari jipya aweza kujipatia nguvu mpya kwa gharama anayoimudu. Mimi sipingi kubadili injini. Ni hila ya halali, na lau isingalikuwako, maziwa mengi ya nyanda hizi yangalichacha njiani. Walakini naona kwamba akiba za watu zapotea bure, kwa kuwa kazi huanzwa mahali pasipostahili.

Natuitazame Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya 2L, dizeli ya lita 2.4 isiyo na turbo. Jamaa zake wa ukoo mmoja ni 3L ya lita 2.8 na 5L ya lita 3, na undugu wao ni wa karibu hata giaboksi ile ile huzipokea zote, kwa hiyo fundi mwenye chenibloki iliyoning'inizwa kwenye magogo matatu hahitaji kukata wala kuchomelea mengi. Ndiyo maana madalali wa injini za ex-Japan huisifu mno 5L, nao hawasemi uongo. Ila nguvu wanazozitaja ni za mahali palipo karibu na usawa wa bahari, hali Keringet imekaa juu ya Mau, katika mita zipatazo 2,500, ambako uzito wa hewa hupungua kwa sehemu moja katika tano au zaidi kidogo. Injini isiyo na turbo haina la kujitetea, maana pistoni ishukapo huvuta ujazo ule ule wa hewa, lakini hewa yenyewe imekonda. Hesabu haina siri: zitwae lita 3 za 5L, uondoe sehemu moja katika tano, nawe utabaki na lita 2.4, yaani ile ile 2L uliyoitupa nyuma ya karakana, lau ungaliipeleka ikafanye kazi Kilindini, kwenye usawa wa bahari.

Wako mafundi ambao, wakilijua hilo nusu nusu, huongeza dizeli kwa kukaza skrubu ya pampu, na mwenye gari aonapo moshi mweusi ukifuka mlimani husadiki kwamba nguvu imepatikana. Moshi ule ni dizeli iliyokosa hewa ya kuiunguza, tena umelipiwa kituoni kwa lita.

La kwanza basi, kabla ya kumwendea dalali, ni kupima kompresheni ya injini iliyopo, kutazama nozeli na kichujio cha hewa, kisha kuichunguza difu, ambayo aghalabu hakuna anayeikumbuka. Lipe gari breki za mawe kwenye magurudumu ya mbele, weka gia huru, inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki huku la pili likigusa ardhi, tia alama za chaki kwenye tairi na kwenye shafti, kisha zungusha tairi mara 2 kamili ukihesabu mizunguko ya shafti. Ikizunguka mara 4 na kidogo, difu yako ni ya 4.1, iliyokusudiwa barabara laini za tambarare. Ikipita mara 4 na nusu, ni ya 4.556. Kuiondoa ile na kutia hii huongeza mvuto wa magurudumu kwa asilimia 11 katika kila gia, bila kuongeza hata tone la dizeli kwenye pampu, na mwendo wa juu hupungua kwa karibu kadiri iyo hiyo; lakini ni nani aliyebeba magunia ya viazi katika tope la Keringet akaulilia mwendo wa juu? Spidomita nayo itazidisha kidogo katika kusema kwake, na uongo huo nauhesabu kuwa wa kheri.

Ikiwa baada ya hayo injini haina budi kubadilishwa, ushauri wangu ni turbo, kwani ndiyo iwezayo kuikusanya hewa hii nyepesi na kuisukuma ndani kwa nguvu. Ile 1KZ-TE ya lita 3, iliyokuja na Prado na Surf za miaka ya 1990, ni mfano mwema, kwa sharti inunuliwe pamoja na kompyuta na wayaringi yake yote, maana pampu yake haitii pasipo hivyo. Adui yake mashuhuri ni joto, ambalo hupasua silinda hedi. Katika kimo chetu maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, si 100, na kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni kale kafuniko kenye springi na mpira, ambako pikapu nyingi hapa hutembea nako kakiwa kamekufa zamani, na nyingine zimezibwa kwa tambara. Mtu anayelipia turbo akanyima rejeta na kafuniko fedha zao amenunua silinda hedi ya pili bila kujua.

Breki zipewe haki yake pia, kwa kuwa gari lipandalo na mzigo mkubwa zaidi ndilo litakaloteremka nao kupitia Elburgon na Njoro hadi Nakuru, mteremko wa mita zaidi ya 600. Risiti na karatasi za forodha za injini inayonunuliwa ziombwe kabla fedha hazijatoka mkononi, kwani namba ya injini imeandikwa kwenye logibuku na NTSA sharti iarifiwe inapobadilika. Mwenye kulipuuza hilo atalikumbuka siku ya kuuza gari, mnunuzi atakapoinua boneti akasoma namba moja kwenye chuma na nyingine kwenye karatasi.