Wito: Tusiwaache Mbwa wa Kariakoo Waoze Mikia

Ndugu zangu wafanyabiashara, wabeba mizigo, walinzi na wakazi wa Kariakoo, Gerezani na Jangwani, nawaomba dakika chache kwa ajili ya kiumbe ambaye wengi wetu humpita kila alfajiri bila kumtazama. Usiku maduka yakifungwa, mafuso yakianza kushusha mizigo Msimbazi na mitaa ya jirani, mbwa hutoka kutafuta mabaki karibu na mabucha na vibanda vya chipsi. Wakishiba kidogo hulala chini ya magari, pembeni ya mikokoteni au kwenye vizingiti vya milango ya chuma. Hapo ndipo mkia unapokanyagwa na tairi la guta, unapobanwa na mlango, au unapong'atwa na mwenzake wakigombea mfupa. Wapo pia, na tuseme wazi, wanaomwagiwa maji ya moto makusudi.

Jeraha la mkia huanza dogo. Tatizo ni mahali lilipo. Ngozi ya mkia ni nyembamba, nyama ni haba, na damu inayofika nchani haitoshi kuponya upesi. Mbwa mwenyewe hawezi kuutuliza: akimwona anayemlisha anautikisa, unagonga ukuta, kigaga kinabanduka na damu inaruka upya. Akibaki peke yake anaulamba na kuutafuna. Kwa joto na unyevu wa jiji letu, nzi hutaga mayai kwenye kidonda kibichi, na siku ya pili unaweza kukuta funza. Kikiachwa hivyo kinakuwa kidonda ndugu, mfupa unaonekana, na watu wanaanza kumfukuza kwa mawe kwa sababu ananuka. Ananuka kwa sababu siku ya kwanza hakuna aliyesimama.

Siku hiyo ya kwanza ndiyo ninayoiomba kwenu.

Anayefaa kumkaribia ni yule aliyemzoea: mlinzi anayekesha naye, mama lishe anayemtupia makombo, mwenye nyumba anayemfuga. Mbwa usiyemjua usimshike, hata ukimwonea huruma kiasi gani. Mbwa mpole kabisa huuma akiwa na maumivu, kwa hiyo hata wako mwenyewe mfunge mdomo kwa kitambaa laini kabla ya kugusa mkia, mradi hatapiki na anapumua vizuri, na ufungue ukimaliza. Vaa glovu. Kama damu inatoka, kandamiza kwa kitambaa safi dakika tano hadi kumi bila kufunuafunua. Ikitulia, osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye nusu lita. Iodini ya dukani nayo inafaa, lakini uizimue kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi. Funika kwa bandeji iliyolegea kidogo na uibadilishe kila siku, au mara moja ikilowa. Ili asiufikie mkia kwa meno, ndoo ndogo ya plastiki iliyotobolewa kitako na kulainishwa kingo inaweza kuvalishwa shingoni, ilimradi anapumua, anakunywa na kula bila shida. Mlaze penye nafasi, mbali na ukuta na mlango.

Tafadhali tuache oili chafu, mafuta ya taa, maji ya betri, majivu na tumbaku. Najua mkono unaovipaka mara nyingi una nia njema, lakini vinaunguza nyama iliyo hai na kuingiza uchafu. Tuache pia kufunga mpira au uzi kwa nguvu ili "mkia udondoke wenyewe". Damu ikikatika sehemu hiyo hufa na kuoza akiwa hai, na maumivu yake hayasemeki. Wala tusimpe dawa zetu za maumivu. Panadol, ibuprofen na diclofenac, tunazozinunua kirahisi kila kona, zinaweza kumharibia ini, tumbo au figo.

Kuna hali zisizongoja. Mkia ukiwa mweusi au wa baridi, ukinuka, mfupa ukiwa nje, funza wakiwa wameingia, au ukining'inia tu bila kusogea, mwite daktari wa mifugo. Ukivutwa kwa nguvu karibu na shina lake, mishipa ya fahamu inayoongoza mkojo na choo inaweza kuumia, na mbwa asiyeweza kukojoa yuko hatarini siku hiyo hiyo. Daktari akishauri kuukata, msiogope. Mbwa huishi vizuri bila mkia, kama umekatwa kwa ganzi na mikono iliyosomea. Kukata mikia na masikio ya watoto wa mbwa kwa kisu ili wawe wakali ni ukatili mtupu, na naomba ukome katika mitaa yetu.

Kuna jambo ambalo Kariakoo haliepukiki. Majirani wengi ni Waislamu, na mate ya mbwa ni najisi kwao. Hilo naliheshimu kabisa, na halizuii rehema. Mafundisho hayo hayo yana habari ya mtu aliyemchotea maji kwa kiatu chake mbwa aliyekuwa akifa kwa kiu, naye akasamehewa dhambi zake. Asiyetaka kugusa anaweza kuweka bakuli la maji, kupiga simu, au kuchangia nauli ya daktari. Huo nao ni msaada kamili.

Sheria nayo ipo. Tangu mwaka 2008 Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, na kumtesa mnyama ni kosa. Lakini mimi siwaombi mfanye haya kwa kuogopa faini.

Afya yetu pia imo humu. Jeraha la mkia likitokana na kung'atwa, hatujui aliyeng'ata ana nini. Kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili kwa binadamu, ni kifo karibu kila mara, na watoto ni sehemu kubwa ya waathirika duniani. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja kuona kama mbwa atakufa. Mbwa anayetoa mate mengi, anayeyumba au kushambulia ovyo asiguswe na yeyote. Itolewe taarifa ofisi ya kata. Wale tunaowalisha wapate chanjo kila mwaka.

Tunachangishana kwa misiba na harusi, na hatushindwi. Basi kila mtaa uwe na kopo moja dukani kwa mtu anayeaminika, na namba ya afisa mifugo ibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, karibu na mlango, ambapo mlinzi wa usiku anaweza kuisoma kwa tochi ya simu. Wenye bucha, mifupa iwekwe mahali pamoja, isitupwe barabarani. Madereva wa mafuso na maguta, kabla ya kurudi nyuma, shukeni mchungulie chini ya gari. Wenye maduka, kabla ya kuteremsha mlango wa chuma, gongeni mara mbili na mngoje mbwa aamke.